Majani ya Harusi ya Dinah

Baba alishasema neno lake: mvua za Machi zikija na tuta langu lisitoe kitu cha kutia mdomoni, atalilima apande nyasi za nepia za kulisha ng'ombe. Asparagasi ilikuwa na mwaka wa tatu nyuma ya jikoni, na majirani wetu wa Shinyalu waliiita maua ya Bravin.

Bravin ni mimi. Niliwaambia ni chakula, kwamba machipukizi ya miaka ya mwanzo hayachumwi, huachwa yawe majani laini kama manyoya ili yalishe mizizi. Walicheka. Nikaapa watakula mbele yangu na kukosa la kusema.

Jioni ya kuamkia harusi ya dada yangu Dinah, nilikuta tuta limenyolewa. Majani yote yalikuwa kanisani, yamefungwa kwenye viti kwa utepe mweupe. Mama na wenzake wa kwaya ndio walioyakata.

"Umeniulia mizizi," nilimwambia.

"Anayeolewa ni dada yako, si jirani," alijibu, akiendelea kuchambua mchele. "Na yalishaanza kuwa manjano. Ulikuwa unangoja yaseme amina?"

Wageni walisifu mapambo. Mimi nilikaa nyuma kama mfiwa. Kesho yake nilimwaga samadi tutani kwa ukaidi tu, nisionekane nimeshindwa.

Mvua ikanyesha, na asubuhi moja Baba akashika jembe. Nilimfuata nikiwa tayari kwa ugomvi. Alipofika tutani akasimama. Machipukizi manene kama kidole gumba, ya kijani yenye ncha za zambarau, yalikuwa yamepasua udongo kote. Kumbe mizizi ilishashiba. Kukata majani makuukuu ndiko kulikoiamsha. Sikulijua hilo, na ilibidi nimwambie Mama hivyo. Maneno yalinitoka kwa shida. Yeye alicheka tu, akaenda kukaanga machipukizi na kitunguu.

Tuliyala kwa obusuma, ugali wetu. Baba alitafuna polepole, mimi nikimtazama mdomo.

"Yanakaribia ladha ya mahindi mabichi," alisema, akachukua mengine.

Kisha akainuka, akatoka na jembe. Nikamfuata mbio nimzuie. Lakini alilipita tuta, akasimama kando, penye ardhi tupu.

"Mfereji wa kupandia haya unakwenda chini kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mguu wangu: karibu na goti. Akaanza kuchimba.