Kadi Kubwa ya Mzee Cephas

Nani alimwambia baba mdogo Walter kwamba kompyuta ni kama jeneza, ukimheshimu mtu unamnunulia kubwa? Nauliza tu. Hasira bado haijaniisha.

Mimi ndiye Lynnet wa video, hapa Magunga. Mazishi mengi ya upande huu nimeyarekodi mimi. Kompyuta yangu ni ile nyembamba ya mtumba, ilitumika ofisini huko ng'ambo ikaletwa ikiwa imefungwa kila kitu ndani. Nafasi yake ni finyu na umeme wake ni mdogo. Kwa kuandika barua haina shida. Lakini ukiiwekea video za kamera yangu mpya, picha zinakwama na sauti inakatikakatika kama mtu mwenye kwikwi.

Baba yangu, Cephas, alipofariki, nilitaka video moja tu ichezwe vizuri. Ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti muda mrefu kabla ya kufa, akawa anaongea kwa mikono. Na mama haoni. Hebu fikiria: mume anaongea kwa mikono, mke ni kipofu. Walikuwa wanashikana tu. Lakini kabla ya ugonjwa nilikuwa nimemrekodi baba akisimulia alivyomfuata mama mpaka kisiwa cha Takawiri, huku akicheka hadi anakohoa. Memori za kamera huwa nazifuta kila mazishi yakiisha ili nizitumie tena, kwa hiyo sauti hiyo ilibaki kwenye kompyuta peke yake.

"Nyathina," mama aliniambia, yaani mwanangu, "kabla hawajamfunika, nimsikie."

Nikaenda Homa Bay kwa fundi Maxwell. Akanichagulia kadi ya grafiki, kile kifaa cha kuisaidia kompyuta kuchezesha video, fupi, inayoingia kwenye kompyuta nyembamba na isiyotaka waya wake wa umeme. Akaniruhusu nikaionyeshe kamati ya mazishi kwanza, maana kwetu hata chumvi ya matanga hupitishwa na kamati.

Baba mdogo Walter, mwenyekiti, aliishika kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo ya Cephas? Yawa! Mtu aliyesomesha nusu ya ukoo? Wageni wa Migori watatucheka! Tununue ile kubwa!"

"Baba, ile kubwa haiingii. Na umeme wa hii kompyuta hauiwezi."

"Lynnet, unataka kumzika ndugu yangu kama maskini?"

Kamati yote ikaguna kwamba kweli. Kamati! Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kompyuta. Wakaagiza kadi kubwa ya feni mbili, yenye taa za rangi. Maxwell alikataa kuifunga, basi Walter akaleta fundi wake. Huyo akakata bati la ubavuni ili kadi ienee, kisha akachukua umeme kwenye waya wa diski, humo humo ilimohifadhiwa sauti ya baba. Nilipiga kelele. Shangazi Risper akanivuta mkono, ati nisiaibishe familia mbele ya watu.

Ikawashwa. Taa zikang'aa nyekundu na buluu, na Walter akapigiwa makofi. Halafu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Diski ikalia tik, tik, ikanyamaza. Niliibeba mpaka kwa Maxwell nikilia njia nzima. Aliihangaikia, akaiweka mezani taratibu.

"Pole, dada. Diski imekufa kabisa, hakuna kinachotoka."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia je? Anavunja la nani?

Siku ya mazishi skrini ilisimamishwa tu, kwa sababu video ilikuwa imeshatangazwa. Walter alishika maiki akawashukuru wote waliochangia kadi kubwa ya Cephas. Makofi tena! Hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba sauti imepotea. Mimi nilijaribu asubuhi nikimfunga kitambaa, mdomo ukakataa.

Mama akaomba apelekwe karibu na spika. Akakaa, akaegemeza sikio pale pale kwenye wavu wake. Watu walikuwa wanaomboleza, jeneza liko wazi, wachimba kaburi wanasubiri. Mama akainua mkono.

"Nyamazeni kidogo," akawaambia. "Cephas anataka kuongea."

Wote wakanyamaza.