Sahihi Mbili

Kwa miaka thelathini Mzee Sahihi alikaa nyuma ya dirisha la orodha ya upasuaji, na hakuna aliyewahi kupita pale kwa machozi. Jina hilo walimpa wauguzi, kwa sababu ya sheria aliyoitunga mwenyewe: mgonjwa wa idara mbili hapangiwi siku mpaka madaktari wote wawili watie sahihi kwenye fomu moja. Sahihi moja? Rudi Jumatatu, mama. Jumatatu daktari hayupo? Basi Jumatatu nyingine. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, na sheria yake ikabaki dirishani, imebandikwa kwa gundi.

Sasa alisimama upande wa pili wa kioo, suruali inampwaya. Alikuwa na saratani mbili, ya utumbo na ya pafu, wala hazikuwa na undugu. Kila moja ilikuja kivyake. Daktari wa tumbo alitaka kuanza na utumbo kabla haujaziba. Daktari wa kifua alitaka kuanza na pafu, maana uvimbe wake ulikua mbio. Wote wawili walisema bado anaweza kupona, ila asicheleweshwe.

"Wa tumbo ameshasaini," alimwambia karani. "Ana nafasi keshokutwa. Nipange tu, mwanangu."

Karani, mwanamke aliyefundishwa kazi na mzee huyuhuyu, hadi namna ya kukohoa kabla ya kukataa, alikohoa.

"Wa kifua bado, mzee wangu."

"Yuko safarini wiki mbili!"

"Najua. Ungekuwa wewe hapa, ungefanyaje?"

Angemrudisha mgonjwa, tena bila kuinua kichwa. Alimkumbuka fundi viatu aliyempigia magoti palepale akimwombea mkewe, naye akamwambia asimchafulie sakafu. Kisa hicho alikisimulia mara ngapi kwenye chai, watu wakavunjika mbavu! Sasa kilimtia aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira: yeye si fundi viatu bwana, yeye ni mtu wa hapa.

Wiki mbili zikawa saba. Wa kifua alirudi, akaandika kwamba hakubali utumbo utangulie. Wa tumbo akamjibu kwa barua ya kurasa mbili. Wakaagiza vipimo vipya, na vipimo vikasubiri mashine itengenezwe. Walibishana kwa adabu kubwa mno, huku mwenye mwili akiisha.

Asubuhi moja karani akapiga simu: fomu tayari. Mzee Sahihi alivaa koti lake la kazini, mkewe akamfunga vifungo kwa furaha, wakaenda.

Fomu ilipita chini ya kioo. Sahihi mbili, tarehe moja. Alizikagua kwa kidole kama zamani, moja, kisha nyingine, akaridhika nazo. Ndipo aliposoma maneno yaliyo juu ya sahihi hizo: saratani ya pafu imeshafika kwenye ini, hafai tena kupasuliwa, si tumbo wala kifua, apewe dawa za maumivu, aende nyumbani.

"Fomu imekaa sawa, mzee wangu," karani alisema kwa upole. Hakuinua kichwa.

Mkewe aliinuka upesi kutoka kwenye benchi. "Eti, lini? Nikakuandalie shuka?"

Mzee aliikunja fomu mara nne.

"Keti kwanza, mama watoto," alisema. "Wamekubaliana."