Jeshi Lililokataa Kusalimu Amri Karibu na Goli la Kusini

Enyi mlio hai na ninyi mtakaozaliwa, tegeni masikio! Vita vya Pili vya Dunia viligeuka kwenye uwanja wa mpira wa shule moja ya bweni, siku ya wazazi, baada tu ya chai. Vilikuwa vigeuke kabla ya chai, ila kidato cha kwanza walikuwa wameanika mashuka kwenye goli la kusini, ikabidi majeshi mawili yasubiri mpaka mashuka yakauke.

Mwandishi wa habari hizi haegemei upande wowote. Aliyaona mambo kwa mbali, kwa utulivu, kama impasavyo mwanahistoria.

Mwalimu wa historia aliitwa Mwalimu Karne, kwa kuwa hakuweza hata kuomba chumvi mezani bila kuanzia karne ya kumi na tisa. Aliamini kwamba kichwa husahau lakini miguu haisahau, kwa hiyo vita hakuvifundisha ubaoni, alivifundisha uwanjani. Mwaka ule alichagua mahali pawili ambapo vita vile viligeuka. Pa kwanza ni Midway, katikati ya bahari kuu, ambako marubani wa Marekani walioanza kuishiwa mafuta waliikuta bahari tupu. Badala ya kurudi wakasema twende mbele kidogo. Wakaona meli moja ikikimbia peke yake, wakaifuata, ikawafikisha kwa kundi zima la meli za Wajapani walilokuwa wakilitafuta. Pa pili ni Stalingrad, jiji la kando ya mto, ambako jeshi la Wajerumani lilikwenda kuteka, likazingirwa lenyewe kwenye theluji, likala farasi wake, na mwisho likasalimu amri.

Bweni la Juu walipewa kuwa wazingiraji. Bweni la Chini walipewa kuzingirwa.

Hapo ndipo palipokuwa na sumu. Muhula ule Bweni la Chini lilikuwa limeshindwa kila kitu: mpira, vitendawili, mbio za magunia. Katika shindano la usafi lilishika mkia, nyuma ya bweni lililofungwa kwa ukarabati. Sasa lilikuwa linaandaliwa kushindwa kwa ratiba, mbele ya mama zao.

Jenerali wao aliitwa Chokochoko, na jina hilo hakupewa kwa upole wake. Mwezi uliotangulia alibandika tangazo kwamba daktari wa meno anakuja kukagua walimu, na walimu watano wakapanga foleni nje ya zahanati, vinywa wazi kama makinda ya ndege. Mkuu wa shule alimwita ofisini, akavua miwani, akasema taratibu, "Kosa moja zaidi, mwanangu, na sanduku lako litakutangulia getini."

Mama yake Chokochoko alikuwa dobi wa hospitali. Alikuwa hajawahi kufika siku ya wazazi, maana wagonjwa hawaachi kuchafua mashuka kwa sababu mtoto wa mtu ana maigizo. Mwaka ule aliomba ruhusa, akapewa.

Asubuhi ya siku ile, msaidizi wa Chokochoko, mvulana mnene aliyeitwa Kobe, alimkuta jenerali wake akifunga kamba za viatu kwa umakini wa kutia shaka.

"Tunasalimu amri kipenga cha ngapi?" Kobe aliuliza.

"Hatusalimu."

"Ratiba inasema tunasalimu."

"Ratiba haijalala bweni letu."

"We bwana, umebakiza kosa moja tu! Ukifukuzwa leo mama yako atakufanyaje?"

"Mama mpole."

"Mama yako dobi. Atakukamua akuanike."

Chokochoko alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Alikuwa ameshaliahidi bweni zima, na wale wadogo wa kidato cha kwanza walimtazama kama vile yeye ndiye aliyegundua mkate. Sikio la kufa halisikii dawa.

Midway ilikwenda vizuri. Marubani wa maboksi waliishiwa mafuta kwa kukohoa, wakaenda mbele kidogo, wakaipata meli, wazazi wakapiga makofi. Kisha theluji ikaanza kuanguka Stalingrad. Ilitengenezwa kwa mitihani ya zamani ya hesabu iliyochanwa vipande, na hakuna theluji iliyowahi kuwatia wanafunzi baridi kama ile. Bweni la Juu wakafunga duara. Bweni la Chini wakajikunyata, wakala farasi, ambaye alikuwa Kobe na alikufa kwa madaha mengi mno. Kipenga cha kusalimu amri kikalia.

"Bweni la Chini!" Chokochoko akanguruma. "Nyumbani!"

Duara likapasuka kama gunia bovu. Wanajeshi wote wakafyatuka, farasi akafufuka akakimbia nao, wakapita katikati ya hema la wageni. Meza ya chai ikaenda chini. Mwenyekiti wa bodi alibaki ameshika kisahani, kikombe hakijulikani kilikokwenda. Bweni la Chini wakafika ng'ambo ya uwanja wakiimba.

Jenerali wao hakuimba. Katikati ya hema alikuwa amemwona mama yake amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, macho yakiwa kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule anavua miwani. Chokochoko alisimama peke yake kwenye mstari wa katikati. Jeshi lilikuwa limeshinda, na jenerali alikuwa anatafuta mahali pa kutapika.

Kipaza sauti kikakoroma. Alikuwa Mwalimu Karne.

"Mabibi na mabwana," alisema, kisha akaikunja ratiba mara nne, akaitia mfukoni. "Mlichokiona hakikutokea. Ila kingeweza kutokea. Jenerali wa Wajerumani kule Stalingrad aliomba ruhusa ya kuvunja duara na kutoka na watu wake. Mkubwa wake alikuwa mbali, kwenye joto, akakataa. Naye akatii. Leo tumewaonyesha kwanza kile alichonyimwa. Sasa, Jenerali, rudisha jeshi lako, tuwaonyeshe gharama ya kutii."

Walirudi wakitembea. Hakuna aliyecheka. Wale wadogo walijikunyata tena, na safari hii, kwa kuwa walikuwa wameshaonja nyumbani, waligoma kuigiza njaa, wakakaa tu wakiinamisha vichwa. Kule hemani mama mmoja alifuta macho.

Kipenga kikalia. Hakuna aliyekumbuka kuandaa kitambaa cheupe, kwa hiyo Chokochoko akachomoa foronya yake aliyoitumia kama skafu, akaiinua.

"Nyeupe hiyo?" sauti ikatoka hemani. "Foronya niliyomfulia mwenyewe! Itazameni, jamani, kama imefutiwa masufuria!"

Uwanja ukaangua kicheko. Chokochoko akajifunika uso kwa ile foronya. Chini ya uchafu wote ilikuwa bado inanukia ile sabuni ya mche ya nyumbani, na ni vizuri kwamba ilikuwa kubwa, maana ilikuwa na kazi ya kufanya.

Baada ya wageni kuhudumiwa upya, mkuu wa shule alimsogelea Mwalimu Karne. "Ratiba niliipiga chapa mwenyewe, mwalimu. Kuvunja duara hakukuwamo."

Mwalimu Karne ni mtu aliyekuwa akikunyima alama mbili kwa kukosea tarehe kwa siku moja. Alimtazama mkuu usoni. "Kulikuwamo kwenye mpango wangu, mkuu. Nilisahau kukuandikia."

Mkuu alimtazama Chokochoko. Akamtazama dobi, aliyekuwa anasugua doa la foronya kwa kidole gumba huku akimwambia jirani yake kwamba yule jenerali ni wake. Akavaa miwani.

"Basi chai iliyomwagika aipanguse jenerali," akasema. Mama ndiye aliyemwonyesha namna ya kukamua tambara.

Jioni Chokochoko alikwenda chumba cha walimu na hotuba ya shukrani yenye aya nne. Ilitoka hivi: "Mwalimu... kwa nini?"

"Nilitaka kukushtaki kwa mkuu," Mwalimu Karne alisema bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari. "Nikasema niende mbele kidogo. Nenda kale."

Hapo ndipo historia hii ilipokuwa iishe. Kwa bahati mbaya gazeti la shule litakalochapa habari hizi linahaririwa na Mwalimu Karne, naye amemwita mwandishi leo.

"Umeandika vizuri," amesema. "Ila huyu mwanahistoria aliyekaa mbali, kwa utulivu, amejuaje harufu ya ndani ya foronya?"

Mwandishi amejibu kwamba aliambiwa na watu wa kuaminika.

"Na jenerali alitaka kutapika, hilo nalo uliambiwa?"

"Mwalimu, nikikiri, si mkuu atasoma?"

"Mkuu alijua kabla chai haijapoa."

Haya, nasalimu amri. Chokochoko ni mimi. Nipo shuleni kwa sababu watu wazima wawili walijua na wakanyamaza, na wa tatu alichukua likizo ya siku moja akaja kunicheka mbele za watu. Asante, mwalimu. Asante, mkuu. Na mama, ile foronya nimeifua. Mara moja.