Maji ya Gauni Jeusi

Wenzake kazini walimwita Chapuchapu, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikula amesimama, alitembea kama anayefukuzwa, na katika chumba cha kufulia cha hoteli, alikokuwa msimamizi, alimaliza kazi yake wengine wakiwa bado wanatafuta vibanio. Lakini Jumamosi ile, uani kwake, alikuwa amekaa tangu saa tatu asubuhi mbele ya beseni moja na gauni moja, na sasa jua lilikuwa utosini.

Gauni lilikuwa la marehemu dada yake. Binti wa dada ndiye aliyelileta, limekunjwa ndani ya mfuko.

“Mama mdogo, Jumatatu naanza kazi mapokezi, ofisi ya mawakili. Wanataka nguo nyeusi. Hili la mama linanikaa kama nilipimwa mimi. Nifulie wewe, mimi nitalipausha bure.”

“Lete, mwanangu,” alisema. Angesema nini?

Alilifua kama dada yake alivyomfundisha. Aliligeuza ndani nje. Alilowesha kitambaa cheupe, akakibana kwenye upindo wa ndani aone kama rangi inatoka. Kitambaa kikabaki cheupe. Alichukua maji baridi, akayeyusha sabuni kwanza mpaka chenga zote zikaisha, maana sabuni isiyoyeyuka huacha mabaka kwenye nguo nyeusi. Hakulisugua wala hakulikamua. Alilikandamiza na kuliachia, polepole, kama mtu anayekanda mgongo wa mgonjwa. Kisha akasuuza, na maji yakawa meusi.

“Si kitu,” alijiambia. “Nyeusi hutema kidogo.” Akamwaga, akasuuza tena. Meusi. Mara ya tatu, meusi. Mara ya sita yalikuwa mazito hata vidole vyake hakuviona. Alilitoa gauni akaliinua juani: halikupauka hata uzi mmoja. Sasa rangi yote ile ilikuwa ikitoka wapi?

Alisikia kama mtu amesimama nyuma yake, hatua mbili hivi, anamtazama mikono. Hakugeuka. Alijua umbali ule.

Miaka kumi na mmoja nyuma walifanya kazi pamoja katika chumba kile kile, dada akiwa msimamizi. Siku moja Chapuchapu alitaka kuwahi kutoka. Ilikuwa imebaki aproni moja ya mhudumu, mpya, nyeusi tii. Sheria ya dada ilikuwa moja: nyeusi mpya hufuliwa peke yake. Chapuchapu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaitumbukiza kwenye mashine iliyokuwa na vitambaa vyeupe vya meza, maji ya moto. Moja tu itafanya nini?

Mashine iliposimama aliwahi kuifungua. Vitambaa vyote vilikuwa rangi ya majivu, na wageni wa karamu walikuwa njiani. Aliichomoa aproni, akaificha chini ya blauzi yake, ikamlowesha tumbo. Meneja alipoingia anafoka, dada alisimama mbele ya mashine akaangalia viganja vyake, kama anayeviona kwa mara ya kwanza.

“Nguo nilizipanga mimi,” alisema. “Sijui nimekosea wapi.”

Chapuchapu alikuwa hatua mbili nyuma yake. Aliibana aproni tumboni kwa kiwiko. Dada alifukuzwa jioni ile ile, na mwezi uliofuata nafasi yake akapewa mdogo wake.

“Hodi! Mama mdogo, bado tu?”

Alishtuka nusura apindue beseni. Binti alikuwa mlangoni pa ua, anacheka.

“Usiliguse. Linachuja. Tazama maji.”

Binti akainama juu ya beseni. Akainama zaidi. “Maji gani?”

“Hayo hapo. Meusi.”

“Mama mdogo, naliona mpaka ua lililochorwa chini ya beseni.” Alichota kiganja kimoja, akakiinua mwangani. Kicheko kilikuwa kimekatika. “Ni safi. Unaumwa?”

Chapuchapu alitazama kile kiganja. Kwake kilikuwa kimejaa weusi, unadondoka kati ya vidole vya mtoto wa dada yake.

“Niliitia mimi,” alisema. “Ile aproni. Siyo mama yako. Ni mimi.”

Akayasema yote, palepale, mikono ikiwa ndani ya maji. Alipomaliza, gauni lilikuwa bado likidondosha maji kwenye ukingo wa beseni.

“Mama alikuwa akipanga nguo za nyumbani kwa rangi mara tatu kabla ya kufua,” binti alisema. “Soksi tu. Ananiita, ‘Njoo unitazamie, hii nyeusi au bluu? Macho yangu hayaaminiki.’ Nikampeleka yakapimwe. Yalikuwa mazima, mama mdogo. Mazima kabisa.”

“Najua, mwanangu.”

“Hukujua. Ungejua ungesema.”

Binti alilichukua gauni mwenyewe, akalitundika kivulini, bado limegeuzwa, akalinyoosha mikono kwa viganja. Akakaa chini yake, amempa mgongo mama yake mdogo, mpaka likakauka. Kisha akalikunja akaenda. Hakuaga.

Jumatatu Chapuchapu alizima mashine zote na kuwaambia wafanyakazi wake habari ya ile aproni. Vijana walitazamana, wengi hawakumjua dada. Mpiga pasi mzee peke yake ndiye aliyeweka pasi kando.

“Siku ile nilimkuta dada yako stoo ya sabuni analia,” alisema. “Ananiuliza, ‘Mtu anaweza kufanya kitu asikumbuke?’ Nikamwambia ndiyo, uchovu huo.” Akafuta jasho. “Mungu anisamehe. Nilidhani namfariji.”

Wiki tatu zilipita, binti hapokei simu. Chapuchapu alisuuza nguo zake na kumuuliza jirani, “Nitazamie, maji yametakata?” Jirani alijibu yametakata, na yeye alisuuza tena.

Jumapili ya nne, mchana, binti alisimama mlangoni. Hakuingia mpaka alipokaribishwa mara mbili.

“Shikamoo,” alisema kwa sauti kavu.

“Marahaba.”

“Sijaja kukusamehe. Sijui kama nitaweza. Nimekuja uniambie habari za mama alivyokuwa kazini, kabla hajaanza kujiogopa. Hakuna mwingine anayejua.”

Chapuchapu akamvutia kiti. Alikaa naye, magoti yakikaribia kugusana, akaanza na asubuhi ya kwanza walipoingia chumba kile pamoja, na wimbo ambao dada yake aliuimba mashine zikinguruma, maneno yake akiyakosea makusudi ili watu wacheke.