Mama Asiambiwe

Nagla alikuwa mjane asiye na ruhusa ya kulia. Huko nje alivaa nyeusi, lakini akirudi nyumbani, mtaa wa Karmuz, aliivua chini ya ngazi, akaificha kikapuni chini ya mboga, akapanda kwa mama mkwe wake na gauni la maua. Shemeji yake Ragab ndiye aliyewaapisha wote. Hajati Insaf ana moyo mbovu, na habari ya kifo cha mwanawe Gabir, mume wa Nagla, itamuua papo hapo. Mama asiambiwe. Gabir yuko ng'ambo, Dammam, kapata kazi ya udereva.

Ndiyo desturi yetu, mwenye moyo mgonjwa hapelekewi msiba. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Ragab aliirefusha kwa simu. Kila Ijumaa alipanda darini akampigia mama yake akijifanya Gabir, huku akikohoa ili sauti isitambulike.

"Mwanangu, hicho kikohozi kitakwisha lini?" Hajati aliuliza. "Huko hakuna hata ndimu?"

"Ni vumbi tu, mama," Ragab alijibu huku machozi yakimtiririka.

Balaa lilikuwa hospitali. Hajati aliingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya ya moyo, na vidonge vyake havikuuzwa duka lolote. Vilitolewa kliniki tu, na kliniki ilikuwa ndani ya hospitali ile ile ambayo Gabir aliendesha lifti yake miaka mingi, hadi basi lilipomgonga langoni pake. Wauguzi wote walimjua. Wote wangempokea mama yake kwa rambirambi. Basi Ragab akaamua mama asikanyage tena pale. Kliniki ilipopiga simu alisema Hajati amehamia Aswan, kisha akabadilisha namba. Hajati mwenyewe aliambiwa utafiti umesimama. Vidonge vikaisha.

Walimlinda mama na habari, wakamwachia ugonjwa umle.

Miguu ikavimba. Nagla alipoisugua mafuta, vidole vyake viliacha mashimo yasiyojaa upesi. Hajati akawa halali ila ameketi, akitafuta pumzi. Daktari wa mtaani alitoa dawa ya kupunguza maji, akakuna kichwa. "Mrudisheni kwa waliokuwa wakimtibu," alisema. "Mimi sijui walikuwa wanampa nini."

"Shemeji, mama anatutoka," Nagla alisema.

"Akienda kule atatutoka siku hiyo hiyo."

"Na akibaki hapa?"

Ragab alitazama viatu vyake.

Kesho yake Nagla alikwenda kliniki peke yake. Daktari Mirvat, msimamizi wa utafiti, aliposikia jina alisimama.

"Hajati Insaf? Tumemtafuta mpaka Aswan! Tukamhesabu miongoni mwa waliopotea."

"Hajapotea, daktari. Sisi ndio tuliomficha." Nagla akaeleza yote, kisha akashika kingo za meza. "Nipe vidonge niende. Nakuomba."

"Siwezi kumpa mtu dawa bila kumpima. Mlete. Nitawaonya wote, hakuna atakayetamka neno la msiba."

Hajati aliambiwa utafiti umeanza tena. Ragab alisimama mlangoni kuwazuia, kisha akasogea. "Akifa, dhambi yake shingoni mwako," alimnong'oneza Nagla. Nagla hakubishana naye. Alimshika mama mkwe wake kwapani, wakateremka ngazi moja moja, wakipumzika kila baada ya chache.

Hospitalini walitimiza ahadi. Mlinzi alitabasamu, wauguzi wakatabasamu, mwendesha lifti mpya akamkalisha Hajati kwenye kiti. Hakuna aliyetoa pole, wala jicho lililolengwalengwa na machozi. Mirvat alimpima, akasema mapafu yamejaa maji lakini bado hawajachelewa, alazwe sasa hivi. Nagla akamshukuru Mungu kwa sauti. Akadhani wameshinda.

Muuguzi alipokwenda kuleta dawa, Hajati aliita kwa upole, "Nagla."

"Naam, mama."

"Tangu langoni mpaka kitandani hapa, nani ameniuliza habari za Gabir?"

Nagla akajifanya anamnyoosha shuka.

"Zamani nikipita tu, watu kelele. Mama Gabir, mwanao mlafi katumalizia chai! Mama Gabir, mtafutie mke wa pili, huyu wa kwanza kashindwa kumshibisha! Leo wote wananiuliza miguu. Hata yule mlinzi mropokaji." Akavuta pumzi kwa shida. "Mmemzika wapi?"

Uongo ulimkaukia Nagla mdomoni. "Makaburi ya Amudi, mama. Ubavuni mwa baba yake."

"Lini?"

"Wakati wa baridi."

Hajati alifumba macho. "Kila sala nimemwombea Mungu amrudishe salama. Kumwombea rehema, sikuwahi hata mara moja. Mwanangu yuko chini ya udongo, na mama yake hajamwombea rehema."

Muuguzi akarudi na vidonge na glasi ya maji. Hajati aligeuzia uso ukutani, akabana midomo.

"Meza, mama," Nagla alimsihi. Alipiga magoti, akamsogezea glasi mdomoni. "Nitukane, nipige, lakini meza. Mume nimezika. Na mimi je, mama? Mimi unaniachia nani?"

Hajati alikuwa akipumua kwa tabu, na hakugeuka.