Seti ya Spana ya Mama Mkwe

Siku ya kumi na tisa tangu Okwir ahamie ndani ya gari lake, mwenyekiti wa mtaa alikuja na daftari akaliandika gari hilo kuwa nyumba. Mlango mmoja unaofunguka, madirisha manne, mkaaji mmoja. Sisi wa uani hatukushangaa. Tulishazoea kupiga hodi kwenye kioo.

Mimi Munirah nauza chai na chapati barazani hapa Kibuli, na hakuna neno linalotoka uani kwetu bila kupitia kwangu kunywa chai. Kwa hiyo nikisema ilikuwa hivi, ilikuwa hivi.

Okwir ni mlinzi wa ghala moja kule Kabalagala. Yeye na mkewe Amony wana chumba kimoja, kitanda kimoja na mtoto mchanga. Mama yake Amony, Mama Joska, alitaka kumwona mjukuu, na Okwir kwa heshima akaenda kumchukua mwenyewe huko Kitgum. Sasa kwa watu wao, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, na kitu chochote, ukiacha watu, ambacho mama amekishika kwa mkono wake, mkwe hakigusi tena maisha yake yote. Safari nzima mama alikaa nyuma juu ya mkeka wake, kitenge kimetundikwa katikati ya gari. Gari likaingia uani, likakohoa mara mbili, likafa. Mama akaingia chumbani na mkeka wake, kitanda cha mkwe asikiguse. Okwir akabaki alipo.

Mama alikuja kwa siku tatu. Lakini gari limekufa, na mwenyewe alishasema: "Mama aliyeletwa na gari la mkwe akirudi kwa basi, kijiji kizima kitasema amefukuzwa. Nitatoka na gari hilo hilo au sitoki." Basi mama hatoki, na Okwir analala kiti cha mbele, amekunjwa kama sambusa, kwa sababu kiti cha nyuma hathubutu kukigusa. Mgongo wake ulianza kufanana na usukani.

"Mama Yasiin," aliniambia asubuhi moja akipokea chai dirishani, "mimi nataka kitu kimoja tu duniani. Kunyoosha miguu."

"Ita fundi."

"Fundi gani tena? Wa kwanza alichukua tairi la spea kwenda kulipima. Mpaka leo linapimwa. Nitanunua spana zangu, nitengeneze mwenyewe."

Neno hilo likazunguka uani kabla chai haijapoa. Kufika saa nne kila mtu alikuwa mtaalamu. Husnah, anayesuka nywele chumba cha tatu, alisema achukue za mtumba zinazouzwa kwa kilo. Mwingine akasema nyundo na waya vinatosha, babake aliendesha lori miaka ishirini kwa nyundo na waya. Ndipo pazia la chumba cha Amony likatikisika.

"Munirah mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mama Joska. Toka pale mpaka kwenye gari ni hatua sita, lakini adabu ni adabu. "Mwambie baba ya mtoto: asitazame wingi, atazame namba. Soketi zianze nane zifike kumi na tisa bila kuruka. Seti inayoruka namba ni seti inayosema uongo. Azungushe racheti, ule mpini wa soketi, karibu na sikio. Ikilia kama chenene, achukue. Ikilia kama mtu anayetafuna mifupa, arudishe."

Uani kote tukageukia pazia. Kumbe marehemu mumewe alikuwa fundi wa magari ya jeshi, na mama alikaa miaka kumi na minne kambini akimpa spana mkononi.

Nikageukia gari. "Mama anasema..."

"Nimesikia," alisema Okwir.

"Hukusikia! Mkwe hasikii mpaka aambiwe. Mama anasema asitazame wingi..." Nikarudia yote, na chumvi yangu kidogo.

Tukaenda Wandegeya mimi na yeye, kwenye duka la vyuma la Abdul-Latif, ambaye ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo bei tuliijua kabla ya kufika. Abdul-Latif akatuwekea masanduku mawili mezani. Moja dogo jeusi, vipande arobaini na sita. Lingine kubwa kama sanduku la bibi harusi, vipande mia mbili na kumi na sita, na ukilifungua taa inawaka kifunikoni.

Okwir alipoona taa, alivua kofia.

"Hili," alisema.

"Hesabu kwanza."

"Mama Yasiin, lina taa!"

"Shemeji, wewe unatafuta spana au unatafuta chumba kingine cha kulala?" Nikaanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole. Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano. "Kumi na nne iko wapi?"

Abdul-Latif akakohoa. "Dada, humo kuna vichwa vya bisibisi sitini."

"Sitini vya nini? Gari lake lina skrubu sitini?"

"Na bisibisi moja yenye kioo cha kutazama meno."

"Ana meno yake, anayaona. Kumi na nne iko wapi?"

Okwir alinivuta pembeni, uso umemsawijika. "Nikirudi na kisanduku kile, mama yule atasema binti yake ameolewa na mtu mdogo."

"Ukirudi na hili, atasema ameolewa na taa."

Alisimama pale akifungua na kufunga, taa ikiwaka na kuzima, mpaka wateja wengine wakaanza kumwonea huruma. Mwisho akanyoosha mkono kwenye lile dogo. Nane mpaka kumi na tisa, hairuki hata moja. Akaweka racheti sikioni, akafumba macho. "Chenene," alisema. Tukalipa, tukaondoka. Nilimwona akigeuka mara tatu kuiaga ile taa.

Sasa hapa nikubali kosa, maana halina mwingine wa kulibeba. Tulipofika Okwir akaenda kunawa. Sanduku lilibaki kwangu. Mimi Mnubi, kwetu kitu kipya kikiingia nyumbani kinapitishwa kwa mama wa nyumba akione, akishike, akiombee dua. Mkono haukungoja akili. Nikalibeba moja kwa moja mpaka nyuma ya pazia.

Mama Joska alifurahi jamani! Akatoa kipande kimoja kimoja, akakinusa, akakipaka mafuta ya simsim, akakifuta na leso yake, akakirudisha mahali pake. Vyote arobaini na sita. Amony aliporudi kutoka bombani na kuona, ndoo ikamtoka mkononi.

"Mama! Umevishika vyote?"

Kutoka nje tukasikia Okwir akilia kama mtu aliyefiwa. Spana zote arobaini na sita, mpya, mafuta yanang'aa, na yeye hawezi kugusa hata moja mpaka afe.

Uani kukawa na baraza. Husnah alipendekeza avae glavu. Ikaamuliwa kwamba mila haina glavu. Nami nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko langu nikigeuza chapati iliyokwisha kuiva zamani.

Ndipo mama akasema, polepole kabisa: "Amony, mwambie mumeo ainue boneti, akae kwenye usukani, asitoke."

Okwir akainua, akaingia. Na boneti ilipokuwa juu tukaelewa wote kwa pamoja: ni pazia! Pazia la chuma. Mama Joska akatoka chumbani mara ya kwanza kwa siku kumi na tisa, akajifunga kitenge kiunoni, akaja mbele ya gari na sanduku lake. Yeye huku, mkwe kule, boneti katikati. Hata askofu asingepata dosari.

"Kumi na nne," alisema, na akajipa mwenyewe. Mkono ukazama ndani mpaka kwapani. "Stata imelegea. Waya wake umeliwa na kutu. Munirah, mwambie huyo kwamba gari lake halikufa. Limechoka kutoshukuriwa."

"Okwir, gari lako linataka asante!"

"Mwambie asante," alijibu Okwir.

Akakwangua, akakaza, akapuliza. "Mwambie awashe."

"Washa!"

Gari likanguruma. Uani tukapiga vigelegele, mtoto akaamka, Husnah akacheza na kichana mkononi. Okwir alikuwa tayari ameinua miguu yake hewani ndani ya gari, akijizoeza kuinyoosha.

Amony peke yake hakucheka. "Mama, umeishika stata."

"Nimeishika."

"Na nyaya. Na injini."

Okwir akazima gari, akatoa mikono kwenye usukani kama mtu aliyeambiwa una moto. Akatoka kwa dirishani, kinyumenyume, asionane na mama.

Gari zima limekuwa la mama, basi jioni ile wakabadilishana makao. Mama Joska na mkeka wake akaingia garini, kiti cha nyuma na cha mbele vyote vyake, miguu imenyooka vizuri maana yeye ni mfupi. Okwir akaingia chumbani kwake. Kesho yake alikunywa chai barazani kwangu amesimama wima kabisa, nikagundua ni mrefu kuliko nilivyokumbuka.

"Na mama anaondoka lini?" nilimuuliza.

"Gari lake. Aondoke akitaka." Akatazama foleni ya boda boda zilizokuwa zimeshasimama mbele ya gari, wenyewe wakimwita mama fundi. Mama mwenyewe hakuonesha haraka.

Wiki haikuisha, kitanda cha Okwir kikalegea mguu. Boliti mbili tu. Spana ziko hatua sita kutoka mlangoni, na hawezi kuzigusa. Akavaa kofia yake, akaniomba nimsindikize Wandegeya.

Kioo cha gari kikashuka kidogo.

"Munirah mwanangu. Mwambie asichukue yenye taa."