Muhuri Mweusi wa Sharubati

Mtumbwi ulikuwa umekwisha acha ukingo wa mji wa Puerto Maldonado, injini inanguruma, ndipo Bi Zenobia alipoona nani kaketi kule mbele. Wilfredo Tapullima, juu ya katoni zake za sharubati.

"Mto wote huu, na tumepangiwa mtumbwi mmoja!"

"Keti tu, jirani. Leo unamsindikiza mshindi."

Walikuwa wanakwenda mkutano wa wazazi, shule ya juu ya mto, uchague nani apewe kibanda cha kuuzia watoto saa ya mapumziko. Zenobia alikuwa na gunia la kastanya, zile kokwa nene za msitu wetu, kazibangua mwenyewe. Akikosa kibanda, anarudi mjini kubangua za kiwanda, na bintiye wa miaka saba anabaki kijijini kwa shangazi. Alinieleza mimi, mwenye mtumbwi, tulipokuwa tunapakia gunia lake, macho yamemlowa.

Njia nzima walichambana.

"Kokwa zako ni mafuta matupu," Wilfredo akasema. "Zaidi ya nusu!"

"Na hiyo yako? Tunda lilipita mbali, likaipungia mkono."

"Yangu ina muhuri wa serikali!" Akainua boksi. Ile alama nyeusi ya pembe nane, ambayo serikali iliagiza ipigwe kwenye vyakula vya kiwandani, ilikuwa imeanza mwaka uleule. "Soma: JUU. Daraja la juu! Zako zina nini?"

Zenobia hakujua kusoma. Aligeuza gunia huku na huku, kama kwamba muhuri ungejificha nyuma. Mimi nilijua kusoma kiasi, nikaona maneno hayakuishia hapo, lakini mwendesha mtumbwi hachagui upande kati ya abiria. Nilitazama maji. Sijisifu kwa hilo.

Mkutanoni Wilfredo alizungusha boksi mkononi. "Serikali yenyewe imeligonga muhuri! Za Bi Zenobia zimegongwa?" Wazazi wakanong'ona. Zenobia akatazama miguu yake.

Mwalimu Eduviges, aliyeendesha mkutano, akasema, "Bwana Wilfredo, tusomee basi mpaka mwisho."

Wilfredo akalisogeza boksi karibu na macho, akalirudisha mbali. "Juu... kwa sukari. Epuka... kutumia... kupita kiasi."

Bibi mmoja nyuma akapiga paja. "Serikali inasema tuepuke, naye katuletea katoni kumi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wilfredo akang'aka: "Lakini zake zina kalori nyingi kuliko zangu, mwalimu! Pima!"

"Kweli. Kwa uzito uleule, zaidi ya mara kumi. Na hazina muhuri kwa sababu hazikutoka kiwandani, si kwamba ni takatifu. Ila zina protini. Boksi lako lina vijiko vitano vya sukari, protini hamna. Mtoto atakunywa, na kabla ya kengele ana njaa tena."

"Basi tusiwape gunia zima," Zenobia akasema, akiinua macho. "Kokwa tatu, nne. Nitahesabu mwenyewe."

Mikono ikainuliwa: thelathini na mmoja kwa Zenobia, kumi na miwili kwa Wilfredo. Mmoja kati ya hao kumi na wawili alikuwa shemeji yake Zenobia.

Zenobia alikaa kibandani miaka sita. Bintiye sasa yuko sekondari. Wilfredo aliziuza katoni kwenye kambi ya wachimba dhahabu, siku hizi anaendesha pikipiki ya abiria. Mwalimu alihamishiwa mji wa Iberia. Yule bibi aliyepiga paja alifariki. Mimi niliuza mtumbwi, nikavuka mpaka kwenda mji wa Riberalta, nchi jirani.